Ramani moja, viwanja viwili Tanga: udongo unabadilisha nini kwenye msingi?

Mjukuu_wa_Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi. Kuna ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, ya chini tu, imeshajengwa Raskazone juu ya mwamba wa matumbawe na haina ufa hata mmoja. Sasa ramani ile ile inatakiwa kujengwa kwenye kiwanja cha upande wa Pongwe. Huko udongo wa juu ni mweusi: kiangazi unachanika nyufa ambazo kiganja kinaingia, masika unaganda kwenye viatu mpaka mtu anashindwa kutembea.

Mhandisi amekataa kugonga muhuri mpaka udongo upimwe. Ndugu wanasema hizo ni gharama za kujitakia, kwa sababu msingi ni ule ule: futi tatu kwenda chini, futi mbili upana, zege, kisha kozi za tofali. Hoja yao ni kwamba nyumba yenyewe ni nyepesi, haina ghorofa, itazama vipi?

Naomba majibu yenye hesabu ndani yake, si maneno ya jumla ya "ni muhimu kwa usalama". Na kama kuna vipimo vya kuanzia ambavyo mtu anaweza kuvifanya pale pale kiwanjani kabla ya kulipia maabara, navyo nivijue.

Fundi_Makorora

Udongo mweusi dawa yake inajulikana. Badala ya futi mbili weka upana futi tatu, ongeza nondo za mm 12 chini, zege 1:2:4, na mkanda wa chini usiukose. Mzigo ukishasambaa nyumba haizami. Vipimo viachwe kwa maghorofa.

Udongo_Kwanza

Fundi, ushauri wako ungekaa vizuri kabisa kwenye udongo laini unaotitia. Kwenye udongo unaovimba unaongeza ugonjwa, na hapa ndipo mekanika ya udongo, yaani elimu ya nguvu na mwenendo wa udongo, inapolipa gharama yake.

Tuanze na uzito wa nyumba yenyewe. Chukua mita moja ya ukuta. Tofali za nchi 6 kwa kimo cha mita 3 ni karibu kilonyutoni 10. Ukuta wa msingi wa nchi 9 unaleta 4 hadi 5, paa la bati na mbao zake tuseme 3, zege la msingi 3. Jumla ni kilonyutoni 20 hivi, yaani tani mbili kwa kila mita ya ukuta. Ukigawa kwa upana wa mita 0.6 unapata kilopaskali (kilonyutoni kwa kila mita ya mraba) 33 au 34. Huo ni mzigo mdogo. Hata udongo wa mfinyanzi wa wastani unaubeba bila kulalamika, kwa hiyo ndugu zako wana haki wanaposema nyumba haitazama.

Shida ni kwamba itanyanyuliwa. Udongo mweusi wa mbuga una aina ya mfinyanzi ambao chembe zake ni vipande vyembamba mno, na maji hupenya katikati ya vipande hivyo na kuvitenganisha. Udongo ukiwa umekauka halafu ukazuiwa usivimbe wakati unakunywa maji, unasukuma kwa nguvu ambayo aghalabu hupita kilopaskali 100, na kwa udongo mkali hufika mamia. Linganisha 100 na 34. Nyumba ya chini ndiyo inayoumia zaidi, si ghorofa, kwa sababu haina uzito wa kuukandamiza udongo.

Sasa tazama futi tatu za Fundi. Zege likiongezeka, mzigo unakuwa kama kilonyutoni 22 kwa mita, lakini ukigawa kwa 0.9 unapata kilopaskali 24 tu. Umepunguza mgandamizo unaoushikilia udongo chini na wakati huo huo umeupa eneo kubwa zaidi la kusukuma. Nondo zitasaidia msingi usikatike haraka, ila haziondoi kinachousukuma.

Na nyumba haisukumwi sawasawa. Chini ya jamvi la zege la sakafu, katikati ya nyumba, jua halifiki, unyevu unabaki na kujikusanya. Pembeni udongo unakauka kila kiangazi na kulowa kila masika. Kwa hiyo katikati kunapanda taratibu huku kingo zinapanda na kushuka kwa msimu. Kinachopasua ukuta si kupanda wala kushuka kwenyewe, ni tofauti kati ya sehemu mbili. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 300: tofauti ya mm 10 ndani ya mita 3 inatosha kuanza kuchana kuta za tofali. Wabunifu makini hulenga 1 kwa 500. Nyumba nzima ikishuka mm 25 kwa usawa, utakachogundua ni ngazi na mabomba tu.

Ile nyumba ya Raskazone imekaa kwenye mwamba ambao hauvimbi wala haunywei. Ramani ni ile ile, lakini ramani inaishia kwenye sakafu. Chini ya hapo kila kiwanja kina mchoro wake.

Fundi_Makorora

Nimekuelewa mkuu. Basi tuseme mfinyanzi unachimbwa na kutolewa. Si tunajaza mchanga safi wa mto? Mchanga hauvimbi.

Udongo_Kwanza

Hauvimbi, ni kweli, lakini unapitisha maji. Ukichimba mtaro ndani ya mfinyanzi na kuujaza mchanga mtupu, umetengeneza bakuli. Mvua ya kwanza inaingia kwenye mchanga, haina pa kutokea kwa kuwa pande zote ni mfinyanzi, inakaa pale na kuulisha maji udongo ulio chini ya msingi kwa miezi. Kosa hili liko kwenye nyumba nyingi ambazo wenyewe wanaamini "udongo mbaya tulishautoa".

Kama tabaka jeusi halizidi mita 1.2 au 1.5, njia safi ni kulitoa lote chini ya nyumba na mita moja zaidi kila upande, si kwenye mitaro peke yake, maana sakafu nayo inanyanyuliwa. Rudisha moramu (changarawe ya kujazia) yenye udongo mwekundu kidogo wa kuifunga, ambayo ikishindiliwa haipitishi maji kirahisi. Weka tabaka la mm 150 kwa 150, kila tabaka lishindiliwe kwa kompakta kabla ya kumwaga jingine. Kumwaga futi mbili kwa mara moja na kupitisha mashine juu ni kujidanganya: nchi chache za juu zinakuwa ngumu kama barabara, chini kumebaki hewa.

Unyevu wa kifusi nao una kiwango chake. Kikavu sana, chembe zinakwaruzana na hazijipangi. Kimelowa sana, maji yanachukua nafasi na mashine inabaki kuchezesha tope. Kwa jicho la kiwanjani: fumbata konzi ya moramu. Ikikaa donge bila kuchuruza maji, na donge likiangushwa likavunjika vipande viwili vitatu, mnakaribia. Likisambaratika kabisa ongeza maji, likibonyea tu bila kuvunjika subirini likauke. Kisha maabara ithibitishe. Kwa mfano, kama uzito mkavu wa juu wa moramu hiyo, yaani ule maabara iliyoufikia kwa kuishindilia, ni tani 1.90 kwa mita ya ujazo na masharti ni asilimia 95, basi kiwanjani isipungue 1.80 na ushei. Mkipata 1.71 hiyo ni asilimia 90, tabaka linarudiwa.

Tabaka jeusi likiwa nene kupita hapo, mazungumzo yanabadilika: nguzo zinazoshuka chini ya kina kinachoguswa na misimu, mkanda wa zege juu yake ukiwa umeachiwa nafasi wazi chini ili udongo ukipanda usiuguse, au jamvi zito la nondo lenye mihimili. Hapo ndipo huwezi kukisia, kwa kuwa unahitaji kujua kina cha unyevu unaobadilika. Mara nyingi ni kati ya mita 1 na 3.

Halafu maji ya juu. Mifereji ya bati, sakafu ya zege kuzunguka nyumba yenye upana wa mita 1 hadi 1.5 ikiteremka kutoka ukutani, shimo la maji machafu mbali na msingi. Bomba linalovuja taratibu chini ya choo cha ndani linaharibu nyumba ya udongo mweusi kuliko masika nzima, kwa sababu linalowesha kona moja tu. Miti pia: mwarobaini au mkaratusi upandwe mbali kwa umbali usiopungua kimo utakachofikia ukikua, mizizi inakausha upande mmoja.

Mpima_Maabara

Nijibu lile la vipimo vya kiwanjani. Havichukui nafasi ya maabara, vinakusaidia kujua uombe nini.

Chimba mashimo matatu ndani ya eneo la nyumba, mawili kwenye kona zinazotazamana na moja panapokuja mzigo mkubwa au panapoonekana tofauti. Kina mita 2 hadi 3. Tahadhari ya kweli: mtu asiingie kwenye shimo lililopita mita 1.2 bila mbao za kuzuia kingo. Mita moja ya ujazo ya udongo ni karibu tani mbili, na mfinyanzi wenye nyufa huanguka bila kutoa ishara. Andika kila tabaka linaanza na kuishia wapi, rangi, na maji yalionekana kwenye kina gani, tarehe gani. Maji ya mwezi wa pili na maji ya mwezi wa tano ni habari mbili tofauti.

Viringisha udongo mbichi kwenye kibao mpaka uwe uzi wa mm 3. Mchanga hautakubali. Mfinyanzi mkali unakubali, unakunjwa, unaviringishwa tena na tena. Donge lake likikaushwa juani halivunjiki kwa vidole. Chupa ya maji pia inasema kitu: theluthi moja udongo uliosagwa, maji, sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, weka chini. Mchanga unatua ndani ya kama dakika moja, vumbi laini ndani ya saa chache, na kinachobaki kimechafua maji hadi kesho yake ni mfinyanzi.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa udongo mweusi kinahitaji mirija miwili ya kupimia ya mililita 100. Kausha udongo, utwange, uchekeche kwa wavu wa mm 0.425, weka gramu 10 kwenye kila mrija. Mmoja jaza maji, wa pili jaza mafuta ya taa. Koroga hewa itoke, acha saa 24. Kwenye mafuta ya taa udongo hauvimbi, kwa hiyo huo ndio msingi wa kulinganisha. Ukisoma 10 kwenye mafuta na 17 kwenye maji, umevimba asilimia 70. Chini ya 20 hakuna la kutisha. Ukipita 50, usijenge msingi wa kawaida juu yake, haijalishi nani anasema nini.

Ukifika maabara omba mipaka ya unyevu ili upate namba ya unyumbufu (upana wa unyevu ambao udongo unafinyangika), omba chembe kwa chekeche, omba kipimo cha kuvimba. Kwa kulinganisha mashimo, DCP, kifaa cha koni inayopigwa kuzama ardhini, ni rahisi: nyundo ya kilo 8 inaanguka mm 575 juu ya koni, unasoma imezama kiasi gani kwa kila pigo. Pigo moja likizamisha mm 5 kwenye shimo la kwanza na mm 30 kwenye shimo la tatu, kina kile kile, hapo ndipo nyumba itapasuka.

Mnyanjani

Asanteni kwa darasa. Ila mnasema mwamba wa matumbawe kama vile hauna neno. Kwa ghorofa moja Raskazone au Sahare inatosha kuchimba hadi mwamba na kumwaga zege?

Udongo_Kwanza

Hapana, na umefanya vizuri kuuliza. Mwamba wa chokaa unayeyushwa na maji ya mvua kidogo kidogo kwa karne nyingi. Mapango ya Amboni ni kazi hiyo hiyo kwa ukubwa wa kutazamwa na watalii. Mashimo madogo ya namna hiyo yanaweza kuwepo chini ya kiwanja chochote cha chokaa, na hayaonekani juu. Kugonga kwa mtaimbo na kusikiliza kunasaidia kwa futi moja hivi, si zaidi. Mgandamizo wa msingi wa mraba unabaki kama asilimia 10 tu ukifika kina cha mara mbili ya upana wake. Basi kwa msingi wa mita 1.5, toboa mita 3 chini ya kitako chake angalau, chini ya kila nguzo. Keekee ikizama ghafla, kuna uwazi: unajazwa zege jepesi au nguzo inahamishwa. Na msielekeze maji machafu kwenye ufa wa mwamba kwa sababu "yanapotea yenyewe". Yanapopotea yanabeba udongo laini kwenda nao.

Hatari nyingine ni nyumba kukaa nusu mwamba, nusu mchanga. Upande mmoja haushuki kabisa, mwingine unashuka mm 15, na tofauti yote inamalizikia kwenye mstari wa mpaka. Ama shusha msingi wote ufike mwamba, ama tenganisha jengo kwa kiungo kamili kutoka msingi hadi paa.

Kuhusu ghorofa, angalia namba zinavyoruka. Ongeza ukuta wa juu, kilonyutoni 10. Sakafu ya zege ya mm 150 pamoja na malipu, vigae na watu ni karibu kilopaskali 6.5. Ukuta wa ndani wenye vyumba vya mita 4 kila upande unabeba mita 4 za hiyo, yaani 26. Kutoka 20 umefika 56 kwa mita, na kwa upana ule ule wa 0.6 ni kilopaskali 93 au zaidi. Mchanga uliolegea hukadiriwa chini ya 100 ukiwa mkavu. Anayejenga ya chini akiwa na nia ya kupandisha baadaye aamue msingi leo.

Neno "mkavu" hapo ndilo la kusoma mara mbili. Mwaka 1925 Karl Terzaghi alieleza kanuni inayobeba fani nzima: nguvu ya udongo haitokani na mgandamizo wote, inatokana na ule unaobaki baada ya kuondoa mgandamizo wa maji yaliyo kati ya chembe. Mita 2 chini ya ardhi kwenye mchanga usio na maji, wenye kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, una kilopaskali 36. Maji yakipanda hadi juu, mchanga sasa una uzito wa 20, jumla ni 40, lakini maji peke yake yanabeba 20. Chembe zimebaki na 20 za kushikana. Mchanga ni ule ule, karibu nusu ya nguvu imeondoka. Karibu na ufuo maji ya chini yanapanda hata bila mvua, bahari ikijaa wakati wa bamvua. Kipimo cha kiangazi kisichotaja maji yatafika wapi masika kinakupa namba ya mchanga ambao hutakuwa nao.

Binti_Usambara

Hilo la maji niliongezee kwa wa milimani, maana viwanja vya Lushoto karibu vyote vinakatwa kwenye mteremko na kuzuiwa kwa ukuta. Ukuta wa mita 3 unaozuia kifusi kikavu cha kawaida unasukumwa na kilonyutoni 27 hivi kwa kila mita. Maji yakijaa nyuma yake bila njia ya kutoka, udongo uliozama unasukuma 15 na maji yanasukuma 44. Jumla 59, zaidi ya mara mbili. Kuta nyingi zinazolala masika hazikuwa nyembamba, zilikosa matundu. Bomba za mm 75, kila mita 1.5 kwenda pembeni na kwenda juu, nyuma yake kokoto zilizozungukwa na kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe. Kokoto bila kichujio hufanya kazi msimu mmoja.

Na udongo uliokatwa juu usimwagwe kwenye ukingo wa chini ili kupata uwanja mpana zaidi. Umeongeza mzigo kwenye kichwa cha mteremko na kifusi hakijashikana na kilicho chini yake. Mteremko ukikatwa kwa ngazi kwanza na kifusi kikashindiliwa kwa tabaka, sawa.

Mjukuu_wa_Chumbageni

Nimepata nilichokuwa natafuta, hesabu ya 34 dhidi ya 100 nitaipeleka kwa wazee kama ilivyo. La mwisho: jirani wa pale ana nyumba yenye nyufa tayari. Anasema azibe kwa saruji kisha apake rangi. Na mimi ripoti ya udongo ikija niangalie nini?

Udongo_Kwanza

Jirani asizibe kwanza. Apige alama ya penseli kwenye mwisho wa kila ufa, aandike tarehe na upana, arudie kila mwezi kupita kiangazi na masika. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika ni mfinyanzi unaonywea na kuvimba. Ufa unaoongezeka tu bila kurudi ni kutitia. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, mpana juu kuliko chini, unasema kingo zimeshuka au katikati kumepanda. Mpana chini, katikati kumeshuka. Mstari mlalo usawa wa lenta mara nyingi hauhusiani na udongo, ni joto na paa. Kwanza mabomba na maji ya paa, saruji baadaye.

Kuhusu muda, mfinyanzi uliolowa hutitia polepole kwa sababu maji lazima yakamuke, na tabaka likiwa nene mara mbili muda unakuwa mara nne. Mnara wa Pisa kule Italia ulianza kujengwa mwaka 1173, ukaachwa karibu miaka mia moja, na wataalamu wanaona kusimama huko ndiko kulikouokoa: mfinyanzi ulipata muda wa kukamua maji na kupata nguvu. Kwa hiyo mtu aliyejaza kifusi juu ya tope la karibu na mikoko asijivunie kwamba mwaka wa kwanza hakuna ufa.

Ripoti iwe na tabaka kwa kina kwa kila shimo, maji na tarehe yake, namba ya unyumbufu, kipimo cha kuvimba, na mzigo unaoruhusiwa. Huo wa mwisho uandikwe kwenye kina gani, kwa upana gani wa msingi, kwa kutitia kiasi gani (kawaida mm 25), na umegawanywa kwa usalama wa ngapi (kawaida 3). "Udongo unabeba 150" bila maneno hayo haina matumizi. Isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Mpima_Maabara

Na sampuli za unyevu zifungwe nailoni mbili, hewa itolewe, lebo moja ndani na moja nje: namba ya shimo, kina, tarehe. Udongo uliosafiri kwenye kiroba wazi kutoka Pongwe juani ukifika umeshakauka, na hatuwezi kuurudishia unyevu uliokuwa nao shimoni. Kwa vipimo vya unyumbufu na kuvimba kilo 5 kwa kila tabaka zinatosha. Moramu ya kujazia leta kilo 30 au zaidi, kutoka kwenye machimbo yale yale lori litakapopakia.